Kioo cha Ngazini

Harufu ya simenti mbichi haijawahi kunipendeza. Wenzangu wakipita kwenye jengo jipya wanaona maendeleo. Mimi natafuta ufa ukutani. Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia Kariakoo hiyo ni shida, maana siku hizi mtaa mzima unanuka simenti. Huku wanabomoa, kule wanamwaga zege, na duka ulilonunulia sufuria juzi ukirudi leo unakuta shimo. Hofu hiyo nimeishi nayo miaka mingi, na sababu yake sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu, ambaye nilimwambia mengi kuliko alivyotaka kusikia.

Mwezi uliopita baba mdogo akanipigia simu. Yeye ndiye anayesimamia nyumba aliyotuachia Bibi, ile iliyo upande wa Gerezani, ambayo siku hizi ina wapangaji juu na maduka chini.

"Kuna watu wa majengo ya kale wamekuja," akaniambia. "Wanasema nyumba yetu ina historia. Wanataka kuweka kibao mlangoni, kiandikwe nani aliichora na ilijengwaje. Mimi miaka ile nilikuwa bodingi, sijui kitu. Wewe ndiye uliyekuwa unashinda na yule mzee. Njoo uwaeleze."

"Nitaangalia nafasi, baba," nikasema.

Nafasi ninayo tele. Nimestaafu, nashinda Tabata namwagilia maua. Lakini historia ya nyumba ile siwezi kuisimulia bila kupita ngazini, na nikifika ngazini lazima niseme nilichofanya nikiwa na miaka tisa. Nikisema, pengine nyumba itabomolewa. Nisiposema, kuna watu wanalala mle ndani na watoto wao, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba nyumba ile iliachwa isimame kwa ushahidi wa uongo. Wangapi wa rika langu mmebeba kitu cha utotoni namna hiyo, sijui. Mimi changu kilikuwa na ghorofa.

Enzi zetu, mnakumbuka, nyumba nyingi za Kariakoo zilikuwa za chini: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Ya kwetu ilikuwa na ghorofa moja juu, na mtaani wakaiita Nyumba ya Reli, kwa sababu sakafu ya juu ilibebwa na vyuma viwili vya reli ya gari moshi vilivyopita juu ya ukumbi, na kingine kimesimama kama nguzo pale ngazi inapoanza. Babu yangu alikuwa mpiga nyundo kwenye karakana ya reli. Vyuma vilikuwa vimechakaa, vimeng'olewa njiani, akaviomba akapewa. Sisi watoto tulikuwa tunaweka sikio kwenye nguzo ile, chuma baridi chenye harufu ya kutu na mafuta, tukisikiliza treni inavyokuja kutoka Kigoma. Tatu, rafiki yangu wa chumba cha pili, alikuwa anasikia mpaka abiria wanavyogombania siti.

Aliyeichora alikuwa rafiki wa babu kazini, Mzee Anselmi, mtu wa Kilimanjaro. Hakusomea ughaibuni wala wapi. Alianza kwa kuchonga penseli za wachora ramani wa reli, akaishia kuwa mchora ramani mwenyewe. Alichora mabanda ya injini, vyoo vya stesheni, vibanda vya walinzi wa njia, na kila karatasi iliyotoka mkononi mwake ilitiwa sahihi na mkubwa wake. Nyumba ya babu ndiyo pekee aliyoichora ikawa yake. Akaitia alama: herufi A ndogo, imechimbwa kwenye lipu, chini kidogo ya reli, mahali ambapo usipoonyeshwa huioni.

Bibi alipenda kusimulia habari ya ngazi. Goti lake moja lilikuwa bovu tangu usichana, alipoteleza kisimani, na babu alipotangaza kwamba anajenga ghorofa yeye alinuna wiki nzima. "Basi akaja shemeji Anselmi na futi kamba," alikuwa akisema. "Akapanga matofali chini. Akaniambia, shemeji, panda hili, sasa panda hili, goti linasemaje? Mwanamume wa kwanza kunipima hatua, mke mwenzangu, na babu yako amesimama hapo hapo anatazama." Mke mwenzake ni mimi; bibi zetu ndivyo walivyotuita. Ndiyo maana vidato vya ngazi ile vilikuwa vifupi vifupi, na pale ngazi inapokata kona aliweka kidato kipana cha kupumzikia. Bibi alikaa hapo kila siku, akichambua mchele na kuangalia nani anaingia na nani anatoka.

Shida ilianza kiwanja cha jirani. Walibomoa nyumba ya chini iliyokuwepo wakachimba shimo kubwa la msingi, mvua za kwanza zikaingia humo, na ukuta wetu wa ngazini ukafanya ufa. Ulianzia kwenye kidato cha Bibi, mwembamba kama uzi, ukapanda mpaka kwenye reli. Watu wa jiji wakaja na mafaili. Mmoja akaingiza ukucha kwenye ufa, akatikisa kichwa. Wakamwambia Bibi kwamba ufa ule kama bado unafunguka, nyumba haifai kukaliwa. Wanatia alama nyekundu, kila mtu anatoka. Babu alishafariki. Bibi akamtumia salamu Mzee Anselmi, ambaye naye alishastaafu, na mzee akawaomba watu wa jiji wampe muda hadi masika yaishe, aupime ule ufa. Akawaahidi kwamba ukisogea atakwenda kuwaambia mwenyewe kwa mdomo wake.

Hayo yote nilikuja kuyajua ukubwani. Wakati ule wakubwa waliyazungumza chumbani, mlango umefungwa. Mimi niliyoyaona kwa macho yangu ni mengine kabisa.

Niliona mzee mrefu, mwembamba, ana kikohozi na rozari shingoni, ameingia na kibegi cha ngozi. Akaomba bakuli la maji. Akatia unga mweupe humo, akakoroga kwa kijiti. Akatoa vipande vitatu vya kioo, vyembamba, urefu wa kidole, akavibandika ukutani kimoja kimoja kwa ule uji mweupe, huku ananung'unika maneno yake. Kisha akatoa brashi ndogo sana na rangi nyekundu, akaandika vitu juu ya kila kioo. Alipomaliza, Bibi akatukusanya watoto wote wa nyumba.

"Mnaviona vile vioo? Hakuna kugusa, hakuna kufagia pale, hakuna kuegemea. Kikivunjika hata kimoja, tumekwisha."

Nyie mliokulia huko mnajua mtoto angeelewa nini. Mwezi ule ule, mwenye duka la jumla mtaa wa pili alileta mtaalamu akafukia chupa na yai kizingitini, na nyumba nzima ya jirani ilizindikwa nilipokuwa na miaka saba. Nimekunywa kombe mimi, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwenye sahani. Sasa mtu anakuja na bakuli, na unga, na maandishi mekundu, ananung'unika, halafu unaambiwa kikivunjika mmekwisha. Hilo ni zindiko, halihitaji maelezo.

Kilichonisumbua kilikuwa rozari. Nikamuuliza Tatu.

"Hao wa bara ndio wenyewe," Tatu akasema. Alikuwa na miaka kumi na alijua kila kitu. "Dawa zao kali. Kile cha chini ni cha wapangaji. Cha juu cha nyumba. Cha katikati ni cha bibi yako, si unaona kiko pale anapokaa? Cha mtu kikivunjika, mtu anaondoka."

Tangu siku hiyo nikawa nampenda yule mzee na kumwogopa kwa pamoja. Alikuja kila Jumamosi, akatazama vioo vyake kwa lenzi, akaandika kwenye daftari. Tulimwita Babu Futi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia ncha ya futi kamba, na hakuwa na subira hata chembe. "Shika sawa, Salma. Unashika mkia wa paka?" Chai ya Bibi aliilalamikia kila alipokuja. "Shemeji, hii umepika chai au umesuuza sufuria?" Na Bibi anamjibu, "Kanywe kwa mkeo," halafu anamwongezea.

Ikawa wiki ya mvua kubwa. Uani maji yamejaa, barabara haipitiki, sisi tukahamishia ukumbini mchezo wa rede, ule wa kumrushia mpira aliye kati naye akwepe. Bibi alikuwa amekwenda msibani. Mpira wetu ulikuwa soksi iliyojazwa matambara, na siku hiyo ulikuwa umelowa tope, mzito. Tatu yuko kati anajaza mchanga chupa, mimi nikarusha kwa nguvu zangu zote, akainama. Nikasikia sauti ndogo, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti.

Kilikuwa cha katikati.

Sijui niwaeleze vipi. Tatu alitazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Mimi sijaona," akaingia kwao na kufunga mlango. Nilisimama pale natazama vipande viwili vimening'inia ukutani na alama ya tope pembeni yake, nikijua nimemuua bibi yangu.

Lakini mtoto wa Kariakoo hakai akalia bila kujaribu kwanza. Nilikimbia mvuani kwa fundi wa vioo, nikaomba masalia, akanipa kipande akidhani ni cha shule. Nikakoroga unga wa ngano kwa maji moto, ile gundi yetu ya kutengenezea tiara za karatasi. Nikang'oa vipande vilivyovunjika, nikavitupa chooni, nikabandika changu. Maandishi ndiyo yalinitoa jasho. Rangi nyekundu sikuwa nayo, ila mpangaji wetu Anti Zuhura alikuwa na chupa ya rangi ya kucha, ya pinki. Niliinyapia. Nikakopi kama kilivyokuwa cha kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimekitazama mara nyingi hadi nimekikariri: namba mbili, tarehe, na ile A yake chini. Bibi aliporudi jioni alikaa kwenye kidato chake, akavua viatu, hakuona kitu.

Siku ya pili yake akashikwa na homa.

Siku tatu nilizopitia hapo sitaki kuzirudia. Alitetemeka, akafunikwa blanketi mbili, akaongea na babu kana kwamba yumo chumbani. Watu wazima walisema malaria. Mimi nilikaa mlangoni nimeshika fremu, siendi kula, siendi kucheza, naomba kwa Mungu na kwa zindiko kwa pamoja, kwamba nichukuliwe mimi. Wakasema mtoto huyu ana mapenzi na bibi yake.

Jumamosi ikafika, Bibi bado yuko kitandani. Babu Futi akapanda ngazi na lenzi yake. Nilikuwa nyuma yake nimeshika futi kamba kwa mikono miwili. Akatazama cha kwanza, akaandika. Akafika kwangu, akasimama. Nami ndipo nikaona alichokuwa anakiona. Sisimizi. Mstari mmoja umenyooka kutoka chini ya ngazi mpaka kwenye kioo, wanakula gundi yangu, kila mmoja na chembe yake mdomoni, wanashuka nayo.

Mzee akawatazama muda mrefu sana. Akatazama alama ya tope ukutani. Akatazama mpira wetu uliotupwa chini ya ngazi. Mimi hakunitazama.

"Sisimizi wa mjini," akasema. "Siku hizi wanakula simenti."

Akaandika mistari kadhaa. Kisha akaniambia niende na Tatu kwa muuza kahawa, nimletee vikombe viwili, nisikimbie, nisimwage. Niliporudi alikuwa anashuka kwenye ngazi ya mti aliyoiegesha ukutani, ana utando wa buibui kichwani. Akasema alikuwa anasafisha juu kwa sababu nyumba hii imeanza kuwa chafu. Kahawa akailalamikia.

Bibi alipona. Jumatatu aliamka akaomba uji wenye ndimu, na mimi nililia mpaka wakanifukuza chumbani. Watu wa jiji walipokuja kukagua, mzee akawaomba wiki nne zaidi, Bibi akalalamika kwamba anacheleweshewa amani yake. Wiki zikapita, mvua ikakatika, wakarudi tena. Wakasimama mbele ya vioo vitatu vilivyo vizima, kimojawapo kina maandishi ya pinki, wakaandika kwenye mafaili yao, wakaenda zao. Ufa ukazibwa, ukuta ukapakwa chokaa, vioo vikaondolewa. Bibi akapika pilau. Mimi nilikula sahani mbili, nikajiona na mimi mganga, tena mkali, maana nimezindika kwa unga wa ngano na zindiko likashika.

Uganga wangu ulidumu kama miaka ishirini. Nilikuwa karani ofisini mjini, nimeshaolewa, Bibi alishatangulia kwa uzee wake wa kawaida, sisi wajukuu tumehamia huku na huku. Siku moja naingia kazini nakuta injinia kijana anabandika vipande vya kioo kwenye ufa wa ukuta wa ofisi yetu, kwa simenti nyeupe, anaandika tarehe. Nikamsogelea.

"Hiyo ni nini?" nikamuuliza.

"Tunauchunguza ufa, dada. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata unywele, kinapasuka. Kikikaa kizima, jengo limetulia."

"Na kikibandikwa kwa gundi ya unga?"

Akacheka. "Hapo hakisemi kitu. Unga unaachia. Ukuta unaweza kufunguka hivi, wewe unaona kioo kizima, umelala usingizi." Akaonyesha kwa vidole, upana wa kuingia mkono.

Niliomba ruhusa nikarudi nyumbani. Cha katikati ndicho kilichokuwa penye sehemu pana zaidi ya ule ufa, ndicho walichokiinamia wale watu wa jiji. Toka siku hiyo nikaacha kupita mtaa wa bibi yangu. Nikienda Kariakoo nazunguka. Redio ikisema ghorofa limeanguka mahali, naganda na kijiko mkononi mpaka nisikie mtaa gani. Mtasema, si ungemwita injinia akaitazame? Nilikuwa naogopa jibu. Na kila mwaka niliokaa kimya uliufanya wa pili kuwa mgumu zaidi. Si jambo la kujivunia, nalisema lilivyo.

Basi simu ya baba mdogo ndiyo ikanitoa. Nilikaa siku nne, ya tano nikajiambia, nitakwenda, nitasema, na wakibomoa wabomoe. Lakini kwanza nikatafute kama yule mzee aliacha ndugu, angalau kibao kipate jina lake kamili. Nikampata binti yake, Dada Flora, mwalimu mstaafu, anakaa Upanga kwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Kikohozi amekirithi. Na pamoja na kumsimulia baba yake alivyokuwa akimsumbua Bibi kwa ajili ya chai, yeye alinipa chai iliyopauka kuliko ya Bibi.

Nilimweleza yote. Alikuwa mtu wa kwanza. Nilizungumza nikiangalia zulia, nikamwambia kwamba baba yake alidanganywa na mtoto, na kwamba nyumba pekee aliyoitia jina huenda ni hatari kwa watu, kwa sababu yangu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akarudi na kile kibegi cha ngozi. Nilikijua kabla hajakifikisha mezani. Ndani mlikuwa na futi kamba, lenzi, na madaftari yamefungwa kwa kamba ya katani. Akayapekua, akavaa miwani, akanipa moja. Mwandiko mdogo, ulionyooka, wa mtu aliyezoea kuandika pembeni mwa michoro ya watu.

*Jumamosi. Kioo cha 2 si changu. Kimebandikwa kwa uji. Tope ukutani, mpira chini: ni mpira, si ukuta. Sisimizi wengi. Shemeji anaumwa, sijamwambia. Nimeweka cha 4 na cha 5 juu ya reli, upande wa nyuma, wasipofika watoto. Kupima kunaanza upya leo. Nitaomba wiki nne zaidi.*

Nikasoma mara mbili. Nikageuza ukurasa. Jumamosi nyingine: *Cha 4 kizima. Cha 5 kizima. Cha mtoto sikihesabu.* Na nyingine, ya mvua kubwa: *Nimepanda nikiwa na hofu. Kikipasuka nitasema. Nyumba yangu ni hii moja tu, lakini nitasema.* Na ya mwisho: *Mvua imekatika. Vyote vizima. Nimewapandisha watu wa jiji juu ya ngazi wakaona kwa macho yao. Nyumba imekaa.*

Mimi siku ile niliwaona wamesimama mbele ya kioo changu, kisha Bibi akanituma dukani. Miaka yote hii nilikuwa na nusu ya picha, nayo nusu mbaya.

Nililia kwa Dada Flora bila aibu. Alinipa leso, halafu akasema, "Sasa twende. Mimi hiyo nyumba sijawahi hata kuingia."

Tukachukua bajaji mpaka Gerezani, tukavuka njia ya mabasi ya mwendokasi kwa miguu. Mtaa sikuutambua. Nyumba niliitambua, imebanwa na maghorofa kulia na kushoto, chini vitenge vimetundikwa mpaka vimeziba baraza. Mwenye duka, mama mmoja anayeitwa Mama Neema, akatukaribisha tuchague vitenge. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa mwenye nyumba, naomba ngazi ya kupandia juu ya reli. Akanitazama umri wangu na kilo zangu.

"Mama, utaanguka. Nimwite kijana apande?"

"Hapana," nikasema. "Hii ni yangu."

Kidato cha Bibi kipo, kimelika katikati. Nikaegesha ngazi pale pale, Dada Flora na Mama Neema wakaishika, nikapanda. Juu ya reli palikuwa na vumbi la miaka, nene, na nyuma yake, mahali chokaa haikufika, ufa ulikuwa unaonekana bado, mwembamba kama uzi. Nikapangusa kwa ncha ya mtandio wangu. Cha 4, kizima, maandishi mekundu. Cha 5, kizima.

Pembeni yavyo kulikuwa na kioo kingine, ambacho daftari halikukitaja. Kimekatwa ovyo, upande mmoja kimepinda. Nikapangusa tena, ikatokea pinki. Mzee alikuwa amekitoa pale chini siku ya kupaka chokaa, akakipandisha, akakibandika upya juu ya ufa kwa simenti ya kweli. Kilikuwepo hapo masika yote yaliyopita, shimo la jirani lilipogeuka ghorofa, na ghorofa nyingine zilipokuja, na hakikupasuka.

"Kuna nini?" Dada Flora akauliza kutoka chini.

Nilikuwa nasoma. Namba yangu mbili alikuwa ameiacha, na tarehe yangu alikuwa ameiacha. Lakini ile A niliyoiiga, sahihi yake, alikuwa ameikata kwa mstari mmoja mwekundu. Chini yake, kwa brashi yake ndogo, akaandika jina la aliyeifanya kazi ile: *Salma.*